Hospitali presha 162, nyumbani 126. Huu ni ugonjwa au ni wasiwasi tu?

Mleta uzi: Wakuu habari za jioni. Me 34, niko Dar, kazi ya kukaa ofisini. Nilienda kupima afya kwa ajili ya ajira mpya, nesi akanifunga ile mashine ikasoma 162/98, akanitazama akasema "kaka unatembeaje na hii presha", weee moyo ukaanza kwenda mbio, kurudia ikapanda tena. Nikaandikiwa amlodipine, dawa ya kushusha presha. Sasa nimeazima mashine ya baba mkwe, nyumbani naona 126/80, 130/82, ila nikikumbuka mshua alivyoondoka kwa stroke inaruka mpaka 150. Usiku nashtuka moyo unadunda, vidole ganzi, naona kabisa ndo nakufa. Dawa sijagusa. Wasiwasi unaweza kuleta presha au najidanganya?

Kibarazani: Kitunguu swaumu punje mbili asubuhi, utanishukuru.

Sista_Kliniki: Mkuu hii ipo na tunaiona sana. Ukiogopa mwili unamwaga adrenalini, moyo unapiga haraka, mishipa inabana, presha inapanda, ukitulia inashuka. Ila usiseme "ni wasiwasi tu" ukalala, maana wengi wanaopandaga hospitali tu baadae inakuja kuwa presha ya kweli, na wewe kwenu ipo. Pima hivi: kojoa kwanza, usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa nyuma, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, wiki nzima, andika zote hata zile mbaya. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Ikifika 135/85 kwa vipimo vya nyumbani hiyo ni presha.

MamaWawili: Mume wangu alikuwa anapima kila akitoka chooni, akiona 140 anaogopa, anarudia inakuwa 150, anarudia tena, nikaificha mashine kwenye pipa la mchele. Nje ya ratiba usipime.

Fundi Umeme: Unakunywa energy drink? Na diclofenac, zile dawa za maumivu ya mgongo je? Hizo zinapandishaga watu wanasingizia mawazo.

Mleta uzi: Energy kila siku kazini, duh. @Sista_Kliniki dawa nianze au nisubiri?

Sista_Kliniki: Hilo siwezi kukuamulia humu. Rudi kwa daktari aliyekuandikia ndani ya siku hizi, beba hiyo dawa na daftari, mwambie ukweli kwamba hujaanza. Wenye uwezo wanafungwa mashine inayopima presha yenyewe masaa 24, inamaliza ubishi. Na huko kushtuka usiku mweleze pia, ganzi ya vidole mara nyingi ni kuhema haraka kupita kiasi, na wasiwasi una tiba yake, siyo uchizi. Ila ukiona 180/120 na kifua kinauma, au mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki, hapo usirudie kupima, kimbia hospitali.

Kibarazani: Na kitunguu je?

Sista_Kliniki: Kiweke kwenye pilau mzee wangu, chumvi upunguze.

MamaWawili: Mkuu na ajira vipi, umepata?

Mleta uzi: Wamesema nirudie kipimo jumatatu. Ndo maana silali.