Tupeane uzoefu: kumpata mtoto wa paka wa mbegu aliye mzima kutoka kwa mfugaji mwaminifu

Bint Upanga (Dar es Salaam)

Wapendwa, jana nimeletewa tangazo la mtu anayeuza mtoto wa paka wa Kiajemi, "umri wiki sita, chanjo zote tayari", na maneno hayo yameniudhi kiasi kwamba nimeona heri tuzungumze. Chanjo za paka mdogo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa huchomwa akitimiza miezi 3. Kwa hiyo mnyama wa wiki 6 hawezi kuwa amemaliza chochote, na anayeandika hivyo ama hajui anachokiuza, ama anajua na anatufanya sisi wajinga.

Wangu nilimpata Nairobi kwa mama mmoja anayefuga Waajemi nyumbani kwake. Kabla hajanionyesha watoto alinitaka nivue viatu mlangoni na kunawa mikono, kisha akanikalisha sakafuni, na mama wa wale watoto akaja mwenyewe kuninusa. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi: ninaishi ghorofa ya ngapi, madirisha yana wavu, nani atamchana manyoya kila siku. Fedha hakuzipokea siku ile. Alisema niende kwanza nikafikirie. Mtoto alinikabidhi akiwa ametimiza miezi 3, pamoja na kadi ya chanjo, majibu ya kipimo cha figo cha wazazi wote wawili, chakula kidogo alichokizoea, na kitambaa alichokuwa akilalia na mama yake. Naomba kusikia kwenu: wenu mliwapataje, na ni jambo gani lililokuonyesha kwamba mfugaji ni wa kweli?

Mjukuu wa Makorora (Tanga)

Naunga mkono. Mfugaji asiyeniuliza swali hata moja mimi humwogopa.

Mama Seeb (Muscat)

Dada wa Upanga, umenikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelifunika. Huku Omani paka wa manyoya marefu huitwa Shirazi, awe na nasaba au asiwe nayo, na maduka ya ndege na samaki wa mapambo huwaweka vizimbani karibu na mlango ili watoto wawaone. Binti yangu alikuwa amefaulu mitihani na baba yake alimwahidi paka. Tukamchukua mmoja mweupe, mwenye macho ya rangi ya shaba, na muuzaji akatupa kadi ya chanjo yenye muhuri mzuri kabisa.

Jioni ile alicheza na uzi wa cherehani yangu mpaka akasinzia juu yake. Kesho yake alikula kidogo, na keshokutwa hakula kabisa. Alitapika povu la manjano, kisha akajikokota hadi kwenye bakuli la maji akakaa hapo, kichwa kikining'inia juu ya maji, pua karibu iguse, na asinywe. Mkao ule sijausahau. Nikampigia muuzaji, akaniambia safari imemchosha, nimpe mtindi. Daktari alimpima damu akakuta chembechembe nyeupe zimekwisha karibu zote, akatueleza kwamba ni panleukopenia, ugonjwa wa kirusi kinachoshambulia utumbo na uboho, na kwa kuwa dalili huchukua siku kadhaa kujitokeza tangu mnyama aambukizwe, huyu aliupata kizimbani kabla sisi hatujamtia machoni. Wakamtundikia dripu. Binti yangu alikesha kwenye kiti cha zahanati akiwa bado na sare ya shule, na paka akafa kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilipokwenda dukani na maandishi ya daktari nilikuta kizimba kilekile kimeshajazwa watoto wengine wa paka, na yule bwana akamwambia binti yangu achague mmoja bure. Nikamweleza kwamba kirusi hiki hudumu kwenye mazulia na magodoro kwa miezi, hata mwaka, na kwamba akitupa mwingine leo anampeleka kufa. Na hawa waliomo ndani nao wameshakaa mahali pagonjwa. Aliendelea kutabasamu na kunionyesha mwenye macho ya buluu. Tulipiga deki kwa dawa ya klorini nyumba nzima na zulia tukalitupa. Paka tuliye naye sasa tulimpata kwa Mwomani mmoja anayefuga Waajemi wachache tu ndani ya nyumba yake, naye alipokwisha kusikia yaliyotupata alikataa kutupa mtoto wake mpaka amalize chanjo zote mikononi mwake. Kwangu hiyo ndiyo alama ya mfugaji: hasara ya kungoja aliibeba yeye.

Mjukuu wa Makorora (Tanga)

Pole sana, mama yetu. Mfikishie binti pole zetu.

Bibi wa Bagamoyo

Nimelia. Hayo maduka yapo hata hapa, na vizimba vyake nimeviona. Watoto wa mama tofauti tofauti wanachanganywa pamoja, kila mmoja anakuja na ugonjwa wake.

Kijana wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Poleni sana. Lakini naomba niseme ninaloliamini. Kwa nini tulipe fedha nyingi namna hii kwa paka mwenye pua iliyobonyea asiyeweza kupumua vizuri, wakati paka wa kienyeji wamejaa mitaani wakitafuta mtu wa kuwalea? Wangu nilimwokota mdogo sokoni, anakula dagaa na ugali, na haumwi hovyo. Anayetaka paka mwenye afya na amchukue huyo.

Mfugaji wa Kiambu

Kaka wa Kariakoo, kulea paka wa mtaani ni jambo jema na mimi pia ninaye mmoja. Ila kusema haumwi si kweli, kwa sababu panleukopenia humwua wa kienyeji sawasawa na wa mbegu.

Kuhusu bei, ukiona vyaelea, vimeundwa. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi unaoota vifuko vya maji kwenye figo. Paka huishi vizuri kwa miaka, kisha figo zinachoka taratibu. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Tangu mwaka 2004 kipimo chake kipo: pamba hupitishwa ndani ya shavu la paka na kupelekwa maabara, nami huipeleka nje ya nchi kwa gharama yangu. Naongeza kipimo cha virusi vya leukemia na vya upungufu wa kinga ya paka kwa jike na dume kabla ya kuwakutanisha. Watoto wa uso bapa wana vichwa vikubwa, hivyo uzazi mwingine huishia kwa upasuaji usiku wa manane. Halafu nakaa nao hadi miezi 3, wakati wanapokula zaidi na wanapojifunza kwa mama yao kutumia mchanga na kutong'ata mikono ya watu. Anayeuza wa wiki 6 amezikwepa gharama hizo zote, ndiyo maana bei yake ni nusu ya yangu.

Kijana wa Kariakoo

Mwamba ngoma huvutia kwake. Wewe ni muuzaji, huwezi kusema vinginevyo. Nimeshaingia kwa "mfugaji" mwenye vyeti vya nasaba ukutani, na nyuma ya pazia majike wamefungiwa chumba kimoja kisicho na dirisha, harufu ya mkojo inachoma macho. Vyeti vilikuwa halali.

Mfugaji wa Kiambu

Hilo umesema kweli, nami nalikubali bila ubishi. Cheti cha nasaba, kiwe cha CFA au cha TICA, mashirika yanayosajili paka wa mbegu, kinaeleza babu na bibi wa paka. Hakielezi figo zake wala chumba alichozaliwa. Lakini usitutie sote kapu moja. Mlango wangu uko wazi hadi chumba cha mwisho, na ninayemnyima mtoto ni yule anayetaka nimtumie kwa basi bila kufika.

Msomaji wa Leicester

Niliyoyaona huku Uingereza yanafanana na hayo. Tangu Aprili 2020 sheria ya England inakataza wachuuzi na maduka kuuza watoto wa paka walio chini ya miezi 6. Ununue kwa aliyemzalisha, naye akuonyeshe mtoto akiwa pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Hata hivyo wadanganyifu humleta paka jike yeyote wakadai ndiye mama. Mtazame: mama wa kweli ana matiti yaliyovimba au dalili ya kunyonyesha, na watoto humwendea bila kusukumwa.

Ila jambo lililonifanya niandike ni paka wa mbegu ya Scottish Fold. Shangazi yangu alimnunua mmoja kwa sababu ya yale masikio yaliyokunjwa. Mbegu hiyo ilitokana na paka mmoja aitwaye Susie, aliyepatikana shambani Scotland mwaka 1961, na kinachokunja sikio ni kasoro ya gegedu ambayo imo mwili mzima. Paka wa shangazi aliacha kuruka kitandani akiwa bado kijana, mkia ukawa mgumu, na vifundo vya miguu ya nyuma vikavimba. Uholanzi imepiga marufuku kuwazalisha. Kwa hao naona hakuna mfugaji mwaminifu, kwa kuwa kasoro yenyewe ndiyo bidhaa.

Bi Nyali (Mombasa)

Tafadhali usitutishe. Wangu ana masikio hayohayo, ana miaka 4, na anaruka hadi juu ya kabati. Mfugaji aliniambia wanaougua ni wale tu waliozaliwa na wazazi wote wawili wenye masikio ya kukunja.

Daktari wa Mifugo (Kisauni)

Bi Nyali, kwa heshima zote, uliyoambiwa ni nusu ya habari. Aliyerithi kwa wazazi wawili huumia mapema na vibaya zaidi, lakini aliyerithi kwa mmoja naye ana kasoro hiyo, hata ikiwa nyepesi. Paka huficha maumivu. Mlete apigwe picha ya eksirei ya miguu ya nyuma na mkia, tujue mapema kama atahitaji dawa. Nafurahi kwamba anaruka.

Kwa wanaokwenda kununua: mshike mtoto mwenyewe. Funua manyoya nyuma ya masikio na kwenye makucha utafute viraka visivyo na nywele, kwa kuwa mapunye ni maradhi ya kawaida sana kwa Waajemi na yanawaambukiza hata watoto wako. Nta nyeusi iliyokauka masikioni mara nyingi ni utitiri. Tumbo lililojaa juu ya mbavu zinazohesabika mara nyingi ni minyoo. Inua mkia uone kama kuna uchafu wa kuharisha. Kisha msikilize akipumua akiwa amelala. Mwenye uso bapa akikoroma na kufungua mdomo akiwa ametulia, mwache, hata kama ni mzuri kiasi gani. Andikianeni mkataba unaokuruhusu kumrudisha iwapo daktari wako atakuta tatizo siku za mwanzo, na nyumbani mtenge na paka wengine kwa wiki 2.

Bibi wa Bagamoyo

Nami naongeza: nendeni na mtoto mdogo wa nyumbani. Mtu mzima humezwa na uzuri, mtoto atauliza kwa sauti kwa nini hapa pananuka.

Mwana wa Matsangoni (Kilifi)

Mnahangaika na Waajemi na Waskoti, na mbegu yetu wenyewe mmeisahau. Msitu wa Arabuko-Sokoke una paka ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, mwembamba, miguu mirefu, mwenye mabaka ya rangi ya gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater wa Watamu aliwalea watoto wa paka huyo, miaka ya 1980 wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, likawatambua kuwa mbegu kamili kwa jina la Sokoke. Kwa kuwa walioanzisha ukoo ule Ulaya walikuwa wachache mno, iliwabidi wafugaji warudi pwani kutafuta damu mpya. Ninalowaomba ni hili: akija mtu barabarani na paka mwenye mabaka akikwambia ni Sokoke halisi, mwulize wazazi wako wapi.

Abu Rayyan (Mwanza)

Hata picha ziwe nzuri vipi, msitume arubuni. Mdogo wangu aliahidiwa Maine Coon, paka mkubwa wa manyoya marefu, kutoka Ulaya. Baada ya malipo ya kwanza ikadaiwa fedha ya sanduku la ndege, kisha ya bima, kisha ya karantini, na kila ilipolipwa ilizaliwa nyingine. Ombeni simu ya video, mfugaji amshike paka pamoja na karatasi mtakayomtajia neno la kuandika papo hapo. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kulikuwa na nafuu, kwani angalau gunia ulikuwa unaliona.

Mjukuu wa Makorora (Tanga)

Mimi nasema chukueni wawili wa uzazi mmoja, mmoja huumia kwa upweke.

Kijana wa Kariakoo

Wawili ni gharama maradufu. Chukueni mmoja, mkae naye.

Mfugaji wa Kiambu

Ulizeni pia kuhusu majike waliostaafu kuzaa. Mimi huwafunga kizazi na kuwatoa kwa bei ndogo. Tabia zao na afya zao zinajulikana kabisa.

Mkaazi wa Njiro (Arusha)

Nimechelewa, ila nina swali kwa daktari. Nimempata mfugaji Nairobi, nimemwona mama na majibu ya vipimo, naridhika. Je, naweza kumvusha mtoto Namanga kwenye gari langu?

Daktari wa Mifugo (Kisauni)

Unaweza, lakini anza na karatasi. Omba kibali cha kuingiza mnyama kwa mamlaka ya mifugo ya Tanzania, na mfugaji apate cheti cha afya kwa mamlaka ya mifugo ya Kenya. Chanjo ya kichaa cha mbwa lazima iwe kwenye kadi, na kwa kuwa haichomwi kabla ya miezi 3, mwombe mfugaji abaki naye hadi kinga yake ikolee. Kama ni yule unayemsifu, atakubali.