Naomba ushauri: kompyuta mpakato inachelewa sana kuwaka

Habari zenu wanajamii. Naomba msaada kuhusu kompyuta mpakato yangu inayotumia Windows 10, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 na diski ya HDD (aina yenye sahani zinazozunguka) ya GB 500, ambayo siku hizi huchukua dakika nyingi tangu ninapobonyeza kitufe cha kuwashia hadi niweze kufungua faili la kwanza. Nembo ya mwanzo hupita haraka. Ucheleweshaji huanza pale viduara vinapozunguka kwenye skrini, na huendelea hata baada ya kuingiza nenosiri.

Nimezima programu nyingi zinazojiwasha zenyewe kupitia Task Manager (zana ya Windows ya kusimamia programu), nikafuta faili za muda na kukagua virusi, lakini nafuu ni ndogo. Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba matumizi ya diski hung'ang'ania asilimia 100 kwa muda mrefu, ilhali prosesa haifiki hata nusu, na wakati mwingine husikika mlio wa kugongagonga kutoka ndani. Je, hiyo ni dalili kwamba diski inakufa? Nyaraka za kazi nimeanza kuzinakili kwenye diski ya nje, kwa sababu nazihofia hizo kuliko mashine yenyewe.

Ikiwa fedha inatosha kununua kifaa kimoja tu, nianze na SSD (diski yenye kasi zaidi, isiyo na sehemu zinazozunguka) au niongeze RAM? Na je, ni salama kuhamishia mfumo wote wa Windows kama ulivyo kwenye diski mpya, au ni afadhali kuusakinisha upya, hasa kama diski ya zamani ina sehemu zilizoharibika?