Naomba ushauri: kumpiga picha bundi akiruka jioni, na kuisafisha picha baadaye

Mwana_Karatu
Habari za jioni wakuu. Niko Karatu. Nyuma ya mashamba ya ngano kuna bonde lenye majimaji na nyasi ndefu, na jioni, jua likiwa bado halijazama, hutoka bundi wawili wanaowinda wakiruka chinichini juu ya majani. Ni wa kahawia, macho meusi, na wakikunjua mbawa linaonekana baka la rangi ya mchanga karibu na ncha. Nimewapenda mno ndege hawa. Nataka picha moja ya kuchapisha kubwa, jicho likiwa limeshika fokasi na mbawa zimefunguka.

Natumia Nikon D7200 na lenzi ya Sigma 150-600mm. Naweka kasi ya 1/640 ya sekunde, tundu la lenzi f/6.3, usikivu wa mwanga (ISO) 1600, na fokasi ya AF-C, ile inayofuata kitu kinachokwenda, yenye pointi 51. Nyingi zinatoka zimecheza, hazina ukali, au fokasi inashika nyasi za mbele. Nikiongeza mwanga kwenye kompyuta, chenga (vile vidoti vidoti) zinajaa. Nianze kurekebisha wapi, kwenye kamera au kwenye kuhariri?

FundiLenzi
Kwenye kamera, mkuu. Chenga zinapungua kwa kuhariri, ila jicho lililocheza halirudi kwa programu yoyote.

ISO 1600 ndiyo inayokubana. Panda hadi kasi ya 1/1600, mwanga ukipungua shuka 1/1250, na uache ISO ifike 3200 au hata 6400. Bundi anaonekana anaruka taratibu, lakini ncha ya bawa inakwenda mbio kuliko mwili, na kwa 600mm kwenye kamera hiyo, yenye sensa ndogo, ni sawa na kutazama kwa 900mm. Kila mtikisiko wa mkono unakuzwa.

Pointi 51 ziache. Chukua 9, au 21 kama bado unampoteza. Ubavuni mwa lenzi yako kuna swichi ya masafa ya fokasi: iweke kwenye mita 10 hadi mwisho, isihangaike na majani ya karibu. Halafu ingia kwenye menyu ya kamera, ongeza muda wa fokasi kumng'ang'ania ndege kitu kingine kinapokatiza mbele yake. Na usianze na 600mm. Mpate kwanza kwa 400, umfuate akiwa mbali, ndipo uvute.

MamaNdege
Kwa maelezo yako huyo ni bundi anayeitwa kitaalamu Asio capensis. Macho meusi, baka kwenye mbawa, kutoka kabla ya giza, makao ya nyasi zenye unyevu: vyote vinakubali. Angekuwa Tyto capensis, bundi mwingine wa nyasi, ungeona uso mweupe wenye umbo la moyo, naye kwa kawaida husubiri giza liingie.

Nakwambia jina kwa sababu linabadilisha namna ya kumpiga. Huyu anakaa na kutaga chini, kwenye nyasi. Usitembee ndani ya bonde ili umkurupushe aruke, tafadhali. Unaweza kukanyaga mayai, na mzazi akiondoka makinda yanabaki wazi kwa mwewe na mbwa. Kaa kwenye gari ukingoni, injini umeizima, lenzi umeilaza dirishani juu ya kifuko cha mchele. Ndege wengi huvumilia gari kuliko mtu anayetembea, na dirisha linakuweka karibu na usawa wa macho yake.

Sasa upepo. Bundi anayewinda hupenda kuukabili, kwa sababu unambeba na anaweza kwenda polepole akisikiliza panya. Hata kutua hutua akiukabili. Kwa hiyo egesha upepo ukikupiga mgongoni na jua likiwa upande huohuo, naye atakuja akikuelekea, uso wake ukiwa umeangazwa. Siku upepo unapovuma kutoka mbele yako utapata mikia tu. Mimi siku hiyo huacha kamera, nachukua darubini.

Kijana_wa_Iringa
FundiLenzi, ISO 6400 kwenye D7200 halafu achapishe kubwa? Mimi ningebaki 1600, nishuke hata 1/250 na kumfuata ndege kwa mkono. Mbawa zitacheza kidogo, lakini kichwa kitatulia na picha itakuwa na mwendo.

FundiLenzi
Ni mtindo mzuri, na nami naupenda, ndugu yangu. Ila yeye ameomba mbawa zilizo wazi na jicho kali. Kwa 1/250 utapiga nyingi sana upate moja yenye kichwa kilichotulia. Tena ISO 6400 iliyopigwa na mwanga sahihi haiizidi kwa chenga ISO 1600 iliyotoka giza ukaja kuipandisha. Hapo ndipo zinapojaa, kama alivyoeleza mwenyewe.

Asiiachie kamera ipime mwanga yenyewe. Bundi akipanda kutoka kwenye nyasi akaingia angani, kamera inaona anga jeupe na kumfanya ndege mweusi. Weka M (kasi na tundu unachagua mwenyewe), ISO ya mkono, pima kwenye nyasi zilizopigwa na jua, kisha upime tena kila dakika chache. Huku kwetu jua likishazama giza halichelewi.

Studio_Njiro
Kwa upande wa kuhariri: piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, na uondoe chenga kwanza kabla ya kugusa ukali. Ukianza na ukali unanoa chenga. Programu ya Lightroom ina kazi ya kuondoa chenga inayotumia akili mnemba tangu 2023, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Kama huna pesa, darktable ni bure na inafanya kazi nzuri ukiwa na subira.

Usivute kitelezo cha kuondoa chenga hadi mwisho. Manyoya ya bundi ni laini, yana michirizi myembamba, na programu ikizidisha yanageuka kama plastiki. Kuza picha hadi asilimia 100, tazama michirizi ya kifuani. Ikianza kupotea, rudi nyuma.

Kisha mtenge ndege na mandhari kwa maski, yaani kuchagua eneo la kuhariri peke yake. Nyasi za nyuma ziondolee chenga kwa nguvu, hakuna atakayelalamika. Ndege mguse kidogo, na ukali uweke usoni tu. Jicho jeusi ndani ya manyoya meusi hupotea, kwa hiyo inua vivuli pale kidogo hadi ung'avu wa jicho uonekane. Rangi ya dhahabu ya jioni usiifute.

Kijana_wa_Iringa
Mkimwekea panya aliyefungwa si atakuja karibu kabisa?

MamaNdege
Hapana, mwanangu. Unamfundisha kufuata watu, na hapa kwetu wapo wanaomuua bundi wakiamini ni uchawi. Kwa sababu hiyohiyo, Mwana_Karatu, ukiweka picha mtandaoni andika wilaya tu, na uondoe data za mahali kwenye faili. Na kama wenye mashamba wanatega sumu ya panya, zungumza nao. Bundi akila panya aliyekula sumu, naye inamdhuru.

Mwana_Karatu
Asanteni sana wakuu, na wewe mama shikamoo. Jirani yangu anatumia hiyo sumu, nitamfuata kesho. Swali la mwisho: nikikata picha nibaki na upana wa pikseli 3600, nichapishe ukubwa gani? Na unyasi uliopita juu ya bawa, niufute?

Studio_Njiro
3600 kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 30. Ukishuka hadi nukta 200 unafika 45, na ukutani bado itapendeza. Unyasi uache kama haujagusa uso. Ukiufuta, programu itabuni manyoya ambayo ndege huyo hana.

MamaNdege
Marahaba. Tuletee picha, hata zilizocheza, tuone upepo ulikuwa wapi.