Tupeane uzoefu: chombo gani kinamfaa mtu mmoja wa kwenda kazini na kurudi kila siku?

Mwanzilishi wa mada, Kiamunyi

Ndugu wanachama, ninaomba wale wanaojiendesha kwenda kazini, tena wakiwa peke yao siku nyingi, watueleze walichochagua na kwa nini. Ninafanya kazi katikati ya jiji la Nakuru, sina abiria wa kubeba, na mzigo wangu ni mkoba wenye kipakatalishi. Kila muuzaji ninayemwendea ananionyesha gari kubwa la kupanda milima, nami ninaona kwamba nitakuwa nikinunua viti vinne vya kubebea hewa. Tuache gari la ndoto kando, tuzungumzie barabara unayopita, mafuta unayonunua na fundi unayemkabidhi chombo chako.

Mkazi wa Njoro

Kutoka kwangu hadi Nakuru mjini ni takriban kilomita 20, na kurudi ni vivyo hivyo. Ninaendesha Toyota Vitz yenye injini ya lita moja, na kwa kuwa njia yangu karibu yote ni lami, sijaona sababu ya kutafuta kubwa zaidi. Lita moja ya petroli hunipeleka kilomita 16 hivi, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi inakula lita mbili na nusu.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji wa Mombasa hawezi kulikumbuka, nalo ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Njoro iko juu zaidi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa inayovuta ni nyepesi. Nikiwa peke yangu upungufu huo siuhisi. Nikiwabeba ndugu wanne na gunia la viazi, inanibidi kuzima kiyoyozi kabla ya kulipita lori kwenye mlima. Mtu ambaye kazi yake iko upande wa Salgaa au Mau Summit, anayeshinda katikati ya matrela, ningemshauri achukue injini ya lita 1.3 au 1.5 hata kama itamla mafuta zaidi, maana kulipita lori kwa gari lisilo na pumzi ni kucheza na maisha.

Pia msishangae majina yakibadilika. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limezidi umri wa miaka 8, na huko Japani jina la Mazda Demio liliachwa mwaka 2019 likawa Mazda2, kisha Vitz ikawa Yaris mwaka 2020. Mnaosubiri Vitz mpya kutoka bandarini mnasubiri jina linalokwisha.

Mkazi wa Mamboleo, Kisumu

Mimi nilichagua pikipiki ya injini ya cc 150, na sababu kubwa ni Kondele. Asubuhi magari yanapofungana pale, pikipiki hupenya, na lita moja hunipeleka zaidi ya kilomita 40. Gharama zake nyingine si za kupuuzwa: leseni ya pikipiki ni daraja tofauti na ya gari, bima ya thadi pati, ile ya kufidia watu wengine, ni lazima, na sheria inataka kofia ngumu na koti linalong'aa. Mvua ya jioni inayotoka ziwani haina adabu, kwa hiyo viatu vya ofisini ninaviacha ofisini.

Giza likiingia siendeshi nje ya mji. Upande wa Kibos na Miwani kuna trela za miwa zinazovutwa na trekta bila taa ya nyuma, nazo huzioni mpaka umezifikia.

Mkazi wa karibu na Mbale, Vihiga

Mimi ninaendesha Toyota Probox. Njia yangu ya kufika lami ni udongo mwekundu wenye mawe, na mvua ikinyesha gari la chini hukwaruza tumbo. Spea zake zinapatikana hata katika vituo vidogo, na kila fundi analijua. Kero yake ni moja: nikipunguza mwendo karibu na stendi, watu hunisimamisha wakidhani ninabeba abiria.

Mwanzilishi wa mada

Nashukuru. Je, kuna mwenye gari la mseto, lile la petroli na umeme?

Mkazi wa Milimani, Kisumu

Ndugu yangu, ninalo, na ninalipenda, lakini usilinunue kwa sababu ya matangazo. Faida ya mseto huonekana unaposimama na kuondoka mara nyingi, kwa kuwa mota hurudishia betri sehemu ya nguvu unapofunga breki. Ukienda mwendo mmoja mrefu kama wa kutoka Ahero, faida hiyo hupungua sana. Betri yake kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na katika magari mengi tundu la kuvutia hewa liko karibu na kiti cha nyuma, kwa hiyo vumbi likiziba hapo betri hupata joto na kuchakaa mapema. Fundi wangu hulisafisha kila ninapobadilisha oili.

Magari mengi madogo yasiyo ya mseto yana gia za otomatiki aina ya CVT, zinazobadilika mfululizo bila hatua. Gia hizo zina oili yake maalumu, na ukitia ya kawaida unaziharibu. Gari langu la awali lilianza kutetemeka kila nilipoondoka, na tulipomwaga oili tukakuta mwenye gari aliyenitangulia alikuwa ametia isiyofaa. Kabla ya kununua la mkononi, liendesheni likiwa limepata moto, mlimani, wala si kuzunguka uwanja wa muuzaji tu.

Mhadhiri, Maseno

Ninaishi Kisumu na sina gari. Stendi iko karibu na nyumba yangu, matatu hunishusha karibu na lango la kazini, na njiani ninasahihisha karatasi za wanafunzi. Bima, matairi na kushuka kwa thamani hulipwa hata gari likiwa limelala. Nikiwa na safari ya kijijini, ninakodi. Ningekuwa ninatoka kazini usiku, ningesema mengine.

Mwanzilishi wa mada

Mwenzangu wa Njoro, naona jibu langu ni kama lako, ila nusu kilomita ya mwisho kwangu ni mashimo. Je, wewe uliinua gari kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi?

Mkazi wa Njoro

Hapana. Spesa hubadilisha pembe ya eksoli na mpangilio wa magurudumu, na matairi huanza kulika upande mmoja usipopima upya. Nilifunga bamba la chuma chini ya injini na kubadilisha springi zilizochoka, gari likainuka lenyewe. Anza kwa kuzikagua springi, kwa kuwa zikichoka gari hushuka.