Naomba ushauri: meno ya kijiko cha trekta dogo, nichomelee au nifunge kwa boliti?

Mkulima_Njombe: Wakuu, habari za jioni. Nina trekta dogo la nguvu farasi 25 lenye kijiko cha mbele, ambacho mdomo wake ni bapa na hauna meno. Udongo wetu mwekundu ukishakauka, kijiko kinateleza juu juu tu. Nataka kuchimba mashimo ya parachichi kabla ya mvua za Novemba. Je, nichomelee meno moja kwa moja, au nitafute bamba la meno la kufunga kwa boliti? Jambo hili linaninyima usingizi.

Fundi_Makambako: Chukua bamba la boliti. Linakaa juu ya mdomo na kushikwa na kuta mbili za kijiko, kwa hiyo linauimarisha, na siku ya kusomba mchanga unalifungua. Makali ya kijiko aghalabu ni chuma kigumu. Kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza, hupasuka kando ya mchomeleo. Lakini shimo la parachichi la sentimita 60 kwa 60 ni dogo kuliko kijiko chako. Unachimba nini hasa?

Mama_Tukuyu: Mwanangu, mashimo wape vijana wenye majembe na sururu. Mimi shamba langu lote lilichimbwa kwa mikono, udongo wa juu ukawekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, na ule wa juu ndio tuliochanganya na samadi tukarudishia. Mashine inavuruga yote pamoja, na kijana wa jirani anakosa ujira.

Mzee_Mafinga: Meno si tatizo, tatizo ni dereva. Mpwa wangu alikuwa akichimba kwa kona moja ya kijiko, mkono mmoja unaobeba kijiko ukapinda, na tangu hapo kijiko kinakaa upande hata kikiwa kitupu.

Fundi_Makambako: Shikamoo mzee, umesema kweli tupu. Mkulima, bado nasubiri jibu.

Mkulima_Njombe: Kusema kweli, shamba lilikuwa la mikaratusi, na visiki bado vimo. Nilikusudia kuving'oa kwa kijiko. Fundi wa hapa nimeshampa nusu ya fedha, na meno matano ameshayakata kutoka kwenye springi za lori. Springi ni chuma imara, na bamba la boliti sijaliona dukani, kwa hiyo sioni ubaya wa kuyachomelea.

Mkweli_Mbeya: Nina mashaka na habari hii. Ulianza na mashimo, sasa ni visiki, na fundi ameshalipwa. Trekta dogo lenye kijiko si la kawaida kwa wakulima wetu. Huenda wewe ndiye muuzaji wa meno na unapima soko.

Mkulima_Njombe: Ndugu, siuzi chochote. Mdomo una upana wa sentimita 137, na bamba lake nimelipima ni milimita 6. Kona ya kulia imeinuka kiasi cha kupitisha kidole chini yake ninapokilaza kijiko sakafuni, na sili ya silinda ya upande huo inavuja mafuta. Mtu wa kutunga asingehangaika na mambo hayo.

Mkweli_Mbeya: Kama kona imeshainuka, basi visiki umeshavijaribu. Nimekuamini.

Fundi_Makambako: Hapo ndipo penye jibu. Meno husaidia kupenya udongo, hayaongezi nguvu ya kuinua. Kisiki kikikataa, uzito wote unaangukia ekseli ya mbele na pini za mikono. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, kwa hiyo mchomeleo wake hukatika kirahisi. Usizipoteze fedha zako: mwombe fundi vipande hivyo avitumie kama ncha za ripa (jino refu la chuma la kupasua udongo) ya kufunga nyuma, kwa boliti, kwani kwa nyuma ndiko trekta linakovutia kwa nguvu. Pitisha ripa kuzunguka kisiki ili ikate mizizi myembamba, minene ikate kwa shoka. Kijiko kitumie kuondoa udongo uliokwisha kulegea, huku umefunga uzito nyuma. Mikaratusi huchipua tena, kwa hiyo kisiki kitakachobaki kimenye gome hadi chini ya usawa wa ardhi.

Mkulima_Njombe: Nashukuru sana. Je, ripa ya jino moja inatosha kwa farasi 25?

Fundi_Makambako: Jino moja tu, na usianze na kina kirefu. Sili hiyo inayovuja ibadilishe kwanza.