Bahrain 2024: Kwa nini madereva wa Porsche walitwaa ubingwa, lakini kampuni yao ikaukosa kwa alama mbili?

Mgeni wa Mbio Ndefu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miaka mingi mimi ni mfuatiliaji wa Safari Rally ya Naivasha, ambako hesabu ya mshindi haimsumbui mtazamaji: dereva mmoja na msoma ramani wake, saa yao dhidi ya saa za wengine. Hivi karibuni nimeanza kufuatilia Mashindano ya Dunia ya Mbio za Ustahimilivu, yale ambayo mbio zake mashuhuri kuliko zote ni Saa 24 za Le Mans, na nimejikuta nikirudia tena na tena matokeo ya raundi ya mwisho ya msimu wa 2024, yaani Saa 8 za Bahrain zilizofanyika tarehe 2 Novemba katika uwanja wa Sakhir.

Jambo linalonitatiza ni hili. Gari namba 6 la Porsche, lililoendeshwa na Kévin Estre, André Lotterer na Laurens Vanthoor, lilimaliza siku ile katika nafasi ya kumi, na bado madereva hao watatu wakatangazwa mabingwa wa dunia. Mshindi wa mbio zenyewe alikuwa Toyota namba 8 ya Sébastien Buemi, Brendon Hartley na Ryo Hirakawa, na kwa ushindi huo Toyota ikachukua ubingwa wa watengenezaji kwa alama 190 dhidi ya 188 za Porsche. Inakuwaje kampuni iwe na madereva bora wa msimu mzima, kisha ishindwe kuwa kampuni bora? Je, raundi ya mwisho ina uzito usio wa haki? Nitashukuru nikipata maelezo kutoka kwa wanaozifahamu kanuni.

Mhesabu wa Alama alijibu:

Ndugu Mgeni, karibu sana, na swali lako ni zuri kwa sababu hata wafuatiliaji wa zamani hulipita haraka. Ufunguo wake ni kwamba hizo ni orodha mbili tofauti zinazohesabiwa kwa kanuni tofauti, ingawa zinatokana na mbio zilezile.

Tuanze na orodha ya madereva, ambayo ni nyepesi. Katika mbio za saa 6 mshindi hupata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, na kuendelea hadi wa kumi anayepata 1. Le Mans alama hizo huzidishwa mara mbili. Mbio za kati, kama hizi za saa 8 za Bahrain, huzidishwa mara moja na nusu, kwa hiyo mshindi hupata 38, wa pili 27, wa tatu 23, na wa kumi 2. Gari linaloshinda mchujo na kuanza mbele kabisa huongezewa alama 1. Estre na wenzake walifika Bahrain wakiwa na alama 150, Ferrari namba 50 ya Antonio Fuoco, Miguel Molina na Nicklas Nielsen ikiwa na 115, na Toyota namba 7 ikiwa na 113. Kwa kuwa alama za juu kabisa zilizokuwa zimebaki ni 39, Ferrari isingeweza kuvuka 154. Maana yake ni kwamba namba 6 ilihitaji tu kumaliza ya nane ili isimtegemee mtu yeyote, na Toyota namba 7 ilipojiondoa kwa hitilafu ya mfumo wa mafuta huku Ferrari namba 50 ikishindwa kupanda, hata ile nafasi ya kumi ilitosha na ziada. Ubingwa wao ulikuwa umejengwa kabla ya siku ile: ushindi Qatar mwezi Machi, ushindi Fuji mwezi Septemba, nafasi ya pili Imola (Italia), Spa (Ubelgiji) na São Paulo (Brazili), na ya nne Le Mans.

Orodha ya watengenezaji msimu huo wa 2024 ilikuwa na masharti mawili ambayo hayakuwamo kwenye ile ya madereva. Kwanza, kila kampuni ilihesabiwa gari lake moja tu lililofanya vizuri zaidi katika mbio husika. Pili, magari ya wateja, yaani ya timu zilizonunua gari kutoka kwa kampuni, kama vile Porsche za timu ya Jota au Ferrari namba 83 ya rangi ya njano, yaliondolewa kabisa katika orodha hiyo na kushindania kombe lao la timu, ambalo mwaka huo lilikwenda kwa Jota. Kwa hiyo siku ile Bahrain nafasi ya kumi ya namba 6 haikuhusika hata kidogo na ubingwa wa kampuni. Aliyebeba mzigo wa Porsche alikuwa gari namba 5 la Matt Campbell, Michael Christensen na Frédéric Makowiecki, ambalo katika matokeo rasmi lilihesabiwa la pili na kuipatia kampuni alama 27.

Ama kuhusu uzito wa raundi ya mwisho, mimi naona malalamiko yana msingi. Chukua hesabu hii: kama Bahrain ingekuwa mbio za saa 6, Toyota ingepata 25 badala ya 38, na Porsche 18 badala ya 27. Toyota ingeishia 177 na Porsche 179. Kuzidisha kwa moja na nusu, na si kitu kingine, ndiko kulikohamisha kombe.

Mkaazi wa Manama aliandika:

Naomba nichangie kama mtu aliyekuwa amekaa jukwaani siku ile, kwa kuwa ninaishi na kufanya kazi hapa Bahrain, na nisingependa hesabu za ndugu yangu Mhesabu, ambazo sizipingi, zifanye mbio zenyewe zionekane kama jambo la karatasi.

Mbio huanza saa nane mchana na kwisha saa nne usiku, na kati ya nyakati hizo mbili uwanja wa Sakhir hubadilika kabisa. Mchana lami ina joto kali na upepo wa jangwani huleta mchanga mwembamba juu yake. Jua likishazama lami hupoa, na tairi lililokuwa likiteleza mchana huanza kushika usiku. Uwanja una urefu wa kilomita 5.412, na tangu ulipofunguliwa mwaka 2004 umejulikana kwa kula matairi, kwa sababu lami yake ilitengenezwa kwa kokoto ngumu zenye makali kutoka machimbo ya Bayston Hill, Shropshire, nchini Uingereza, na pia kwa sababu kuna kona nyingi ambazo dereva hutoka polepole akikanyaga mafuta kwa nguvu, hivyo matairi ya nyuma ndiyo yanayoumia zaidi. Matairi nayo huwa na kikomo: kila gari lina idadi maalumu ya kutumia, na anayeyamaliza mapema atalazimika kurudia yaliyokwisha kulika.

Haya ndiyo yaliyoamua kombe. Saa ya mwisho ilipofika, Buemi alikuwa na matairi mapya zaidi kuliko waliokuwa mbele yake, akampita mmoja baada ya mwingine hadi akamfikia Campbell na kuongoza. Kutoka jukwaani tofauti ilionekana kwa macho, hasa wakati wa kutoka kona ya mwisho, ambapo Toyota iliruka mbele ilhali Porsche bado inatafuta mshiko. Na atakayesema kikomo cha matairi ni kanuni ndogo, akumbuke kwamba Ferrari namba 51, iliyokuwa imemaliza miongoni mwa tatu bora, ilinyang'anywa nafasi hiyo baadaye kwa kuvuka idadi ya matairi iliyoruhusiwa, na Peugeot namba 93 ndiyo iliyopandishwa hadi nafasi ya tatu.

Niongeze pia kwamba kwa Lotterer ile ilikuwa mara ya mwisho kuliendesha gari la Porsche katika mashindano haya. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2012, msimu wa kwanza kabisa wa mashindano haya, akiwa na Audi, na akawa bingwa tena baada ya miaka 12. Siwezi kukubali kwamba ubingwa wa mtu wa namna hiyo upungue thamani kwa kuwa siku ya mwisho gari lake lilimaliza la kumi.

Mgeni wa Mbio Ndefu aliuliza tena:

Nawashukuru sana nyote wawili. Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa nikilitazama gari lisilo lenyewe. Macho yangu yote yalikuwa kwa namba 6, kumbe kombe la kampuni lilikuwa mikononi mwa namba 5.

Hata hivyo limebaki jambo moja dogo. Katika maelezo ya kabla ya Bahrain, waliotajwa kuwa wangeweza kuwa mabingwa kutoka Toyota namba 7 ni Kamui Kobayashi na Nyck de Vries peke yao, ilhali gari hilo liliendeshwa na watu watatu, na Mike Conway alikuwamo. Je, alifanya kosa gani?

Dada wa Kona ya Kumi alijibu:

Ndugu Mgeni, Conway hakufanya kosa lolote. Aliumia katika ajali ya baiskeli muda mfupi kabla ya Le Mans, na nafasi yake ikachukuliwa na José María López. Gari lilimaliza la pili kule, na kwa kuwa Le Mans huzidishwa mara mbili, alama 36 zilikwenda kwa Kobayashi, de Vries na López. Alama za madereva hufuata mtu aliyekaa garini, si namba iliyobandikwa mlangoni. Alama za watengenezaji, kinyume chake, hazijali ni nani aliyeshika usukani, na ndiyo maana jeraha lile lilimwondoa Conway katika mbio za ubingwa bila kuigusa Toyota.

Sasa naomba ruhusa ya kumpinga kaka Mhesabu kwa heshima, kwa sababu hesabu yake ya 177 kwa 179 ni sahihi lakini ni nusu ya hesabu. Bahrain haikuwa raundi pekee iliyozidishwa kwa moja na nusu. Raundi ya kwanza, ile ya kilomita 1812 kule Qatar, ambayo ilikaribia saa 10, ilizidishwa vivyo hivyo, na huko Porsche ndiyo iliyonufaika. Porsche ilipata 38 za ushindi, na Toyota, ikishaondolewa magari ya wateja mbele yake, ilihesabiwa ya tatu na kupata 23. Ukitaka kuifuta nyongeza ya Bahrain kwa jina la haki, huna budi kuifuta na ya Qatar: Porsche inapoteza 13 Qatar na 9 Bahrain, inabaki na 166, Toyota inapoteza 8 Qatar na 13 Bahrain, inabaki na 169. Toyota bado ni bingwa, tena kwa alama tatu badala ya mbili.

Vilevile kanuni ya kuondoa magari ya wateja ilizisaidia kampuni zote mbili. Kule Spa mshindi alikuwa Jota, na madereva wa namba 6 wakapata alama za nafasi ya pili, lakini katika orodha ya kampuni Porsche ilihesabiwa ya kwanza. Huko Texas mwezi Septemba, Kobayashi alipewa adhabu ya kupita piti, yaani njia ya kuhudumia magari ambako mwendo ni wa polepole, kwa kutopunguza mwendo penye bendera ya njano, na Ferrari namba 83 ikaishinda Toyota yake kwa sekunde zisizofika mbili. Madereva wakapoteza alama 7 ambazo kampuni yao haikuzipoteza, kwa sababu namba 83 haikuwamo kwenye orodha hiyo.

Mhesabu wa Alama alijibu:

Dada, umenisahihisha ipasavyo na ninakubali. Nimekaa na karatasi yangu upya na hesabu yako ya 169 kwa 166 imesimama. Niliitazama raundi ya mwisho peke yake kwa kuwa ndiyo inayokumbukwa.

Basi kama ni kutafuta mahali ambapo Porsche ilipaswa kulimaliza jambo hili mapema, mimi sasa ningeelekeza kidole Fuji. Kule Toyota namba 7 iligongana na Porsche namba 5 na kuishia hapo, huku namba 8 ikimaliza ya kumi, kwa hiyo Toyota ikaondoka na alama chache mno nyumbani kwake Japani. Porsche ilishinda siku hiyo na kuchukua 25 zote, lakini kwa kanuni ya gari moja kila kampuni hakukuwa na namna ya kuongeza alama juu ya hizo, mbali na ile moja ya mchujo, hata kama namba 5 ingemaliza ya pili. Ikaenda Bahrain na pengo ambalo ushindi mmoja wa saa 8 uliweza kuliziba.

Mkaazi wa Manama aliandika:

Na mchujo msiusahau. Katika msimu uliokwisha kwa tofauti ya alama mbili, ile alama moja ya kuanza mbele ilikuwa nusu ya kombe. Tangu mwaka huo, siku ya mchujo naomba ruhusa kazini mapema nami niwe uwanjani.