Mrejesho: kumwonya mwanakwaya anayechelewa

Wapendwa, niliuliza namna ya kumwonya mwanakwaya mchelewaji bila kumvunja moyo. Mlinielekeza Mathayo 18:15–17, hatua kwa mpangilio wake: kwanza wawili faraghani, kisha shahidi mmoja au wawili, kanisa mwisho. Sisi tulianzia mwisho, mbele ya sauti zote nne, na mtu akiaibishwa hujitetea tu, hasikii. Safari hii mwalimu wa kwaya alimfuata Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, akamkuta akishona gunia la dagaa. Wakakubaliana jambo moja, si matano: afike saa 10:30 jioni, nusu saa kabla ya mazoezi, na aandike muda mwenyewe daftarini. Hii ni wiki ya tatu. Jumanne alichelewa, akaandika 11:10 kwa mkono wake, bila kuulizwa.